Kinunue Ukikiona

Hapa kwetu Nyegezi, Mwanza, kitabu hakinunuliwi siku unayotaka kukisoma. Kinanunuliwa siku kinapoonekana. Anayemwambia muuzaji "nitapita mwisho wa mwezi" atapita akute turubai limekunjwa, au akute juu ya turubai zimebaki Takadini na Watoto wa Mama Ntilie, rundo kwa rundo, zimechorwa mistari ya wino mwekundu na wanafunzi waliokwisha fanya mtihani wao zamani. Ndiyo maana nyumbani kwangu vitabu ambavyo sijavisoma ni vingi kuliko nilivyovisoma, na ndiyo maana mgeni akiniuliza kama vyote vile nimevimaliza simjibu kwa haya.

Watu wa dagaa wananielewa upesi kuliko wasomi. Wao huvua usiku wa giza, karabai zikiwaka ziwani. Mwezi ukitoka wanatia nanga. Kilichoanikwa siku za giza ndicho kinacholiwa na kuuzwa siku za mbalamwezi, na hakuna anayemcheka mvuvi kwa sababu ana magunia ambayo bado hajayala.

Nina stesheneri ndogo upande wa Malimbe, njia wanayopita wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Chuo kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998, lakini masomo pale yalianza 1960, kikiwa kituo cha mafunzo ya jamii cha Kanisa Katoliki, kwa hiyo wenyeji wa Nyegezi wamezoea kitambo kumwona mtu akipita na kitabu kwapani. Kazi yangu ni kutoa kopi, kuprinti, kubaindi, kuuza kalamu na bahasha, na muhula ukifika katikati, kusikiliza vijana waliopewa orodha ya vitabu ambavyo wamevizungukia mji mzima bila kuviona. Wengine walirithi kabati la vitabu la baba. Mimi usomaji wangu umelelewa na mashine ya kopi.

Ukikaa na mashine hiyo muda mrefu, unajua hali ya kitabu nchini kwa kuangalia karatasi zinazoletwa. Kitabu kinachopatikana huja kikiwa kitabu. Kisichopatikana huja kikiwa kopi ya kopi ya kopi: maandishi yamefifia, kivuli cheusi cha mgongo kimekula herufi za mwanzo wa kila mstari, na katikati kuna kurasa zilizogeuzwa kichwa chini na mtu wa stesheneri nyingine, miaka ambayo hata mwenye karatasi hakuwa amezaliwa. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Binti mmoja wa chuo aliileta, nikamwambia aniachie hadi jioni, nikaisoma mashine ikiwa imepumzishwa. Ni riwaya nyembamba ya mwaka 1990, safari ya mafumbo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na zile herufi zilizoliwa ziliniongezea fumbo juu ya fumbo. Jioni nilimrudishia kazi yake na kubaki na njaa ya mwandishi.

Njaa hiyo ilinipeleka karibu kuliko nilivyotazamia. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyegezi hii hii. Yaani mtu aliyeandika Rosa Mistika, Kichwamaji na Gamba la Nyoka alikuwa kijana wa shule umbali ambao bodaboda wa leo angeona aibu kuutoza nauli kubwa, na mimi nilikuwa nimemfahamu kwa jina la mtihani tu. Tangu hapo nikajiwekea kanuni ambayo bado naifuata: mwandishi wa ziwani anatangulia. Si kwa ukabila, wala si kwamba wa pwani na wa ng'ambo hawafai. Ni kwamba wa mbali wana watu wengi wa kunikumbusha, redioni na magazetini. Wa hapa nisipomkumbuka mimi wa hapa, nani?

Rosa Mistika ilinifundisha jambo jingine kuhusu orodha yangu ya vitabu vya kusoma. Ilitoka 1971, ikazungumza waziwazi juu ya binti, baba mkali na mapenzi, hadi ikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye kitabu hicho hicho kikawa cha kufundishiwa. Leo ukikitafuta utakipata, na sababu ni hiyo ya pili. Shule ndiyo mnunuzi mkubwa wa fasihi nchini mwetu. Kitabu kikiingia katika mtaala kinachapwa tena na tena, kikiwa nje ya mtaala kinaachwa kizeeke na nakala zake. Kwa hiyo msomaji anayesoma kwa hiari yake, bila mtihani, anajikuta anataka hasa vile ambavyo soko halina haja navyo. Orodha yangu hairefuki kwa uvivu wa kusoma tu. Inarefuka kwa sababu hiyo.

Naiandika kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, ile ile wanayobeba wanafunzi wa sekondari. Kwa mbele nimeandika vilivyomo ndani ya nyumba. Nikiigeuza, kwa nyuma nimeandika vinavyosakwa. Kurasa za pande zote mbili zinasogea katikati, na zikikutana nitanunua kaunta buku nyingine.

Upande wa mbele hivi sasa umetawaliwa na Wazanzibari. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wateja wangu waliniuliza vitabu vyake nikawa sina la kuwajibu. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatutafsiria Paradise kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota, na safari hii nilikuwa tayari. Nilimtuma mpwa wangu aliyekuwa Dar. Naisoma polepole kwa makusudi, maana misafara ya biashara ya bara inayosimuliwa mle ilikuwa ikija kwenye maziwa haya haya, na nataka kuiona ikipita. Iko pia Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ambayo kila mtu anayejua kusoma ameniambia niache nilichoshika niianze. Sijaianza. Vitabu vinavyosifiwa na kila mtu huwa navichelewesha. Sababu siijui vizuri, labda ni ukaidi wa Kisukuma.

Upande wa nyuma ndio wenye utamu. Huko wamekaa Waafrika wa Magharibi waliovaa Kiswahili miaka ya sabini: Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe, na Wema Hawajazaliwa ya Ayi Kwei Armah, iliyotafsiriwa na Abdilatif Abdalla. Hebu fikiria: mshairi wa Mombasa, aliyefungwa kwa maandishi yake ya kisiasa, akatoka jela na baadaye akakaa kuitafsiri riwaya ya Mghana kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili. Kazi kama hiyo haistahili kutafutwa kwa kunong'onezana. Yupo pia Gabriel Ruhumbika, mtu mwingine wa Ukerewe, na Miradi Bubu ya Wazalendo ya mwaka 1992. Na yupo mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, kwa sababu mjomba wangu aliwahi kunisimulia visa vyake vyote tukipalilia pamba na nataka kujua ni vingapi alivitunga mwenyewe.

Sisomi kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Kila mahali pana kitabu chake. Dukani nasoma mashairi au insha, kitu kinachovumilia kukatizwa na "kaka, nitolee kopi pande mbili". Riwaya ya upelelezi nimeipiga marufuku dukani, maana nilishawahi kumwacha mteja amesimama hadi akaenda kwa jirani. Ndani ya daladala ya kwenda mjini, foleni ikikaza Mkuyuni, nasoma kitabu chembamba kinachoingia mfuko wa koti. Vinene ni vya nyumbani, usiku, umeme ukiwepo. Simuni nina pidiefu nyingi nilizorushiwa kwenye makundi ya WhatsApp, na sizihesabu katika orodha. Kwenye simu nasoma kurasa chache, ujumbe wa pesa unaingia, wa kikao cha harusi unafuata, na nikirudi nimesahau nani alikuwa anamwambia nini nani.

Kitabu cha safarini nilikuwa nacho pia, mpaka daraja lilipokuja. Wakwe zangu wako Sengerema. Zamani kwenda huko lazima upite Kigongo, usubiri kivuko cha kwenda Busisi; siku za sikukuu magari yalipanga mstari mpaka unachoka kuhesabu. Abiria wengine walisonya, wengine walinunua mahindi ya kuchoma. Mimi nilisoma. Haini ya Adam Shafi, inayosimulia mateso ya wafungwa wa kisiasa Zanzibar, niliisoma karibu yote Kigongo, nikiwa nimeegemea ubavu wa basi, na hadi leo harufu ya dizeli na samaki wa kukaanga inanirudishia kurasa zake. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na siku hizi naliona ziwa kwa dakika chache tu kabla ya kufika ng'ambo. Mgonjwa anayekimbizwa Bugando usiku hasubiri tena, na hakuna mwenye akili timamu atakayeililia foleni ile. Lakini saa zangu za kusoma zilikuwa ndani yake. Nilikuwa nimejipa sifa ya mtu anayepangilia muda wake, kumbe muda huo nilikuwa napewa bure na kivuko. Baada ya daraja ilibidi niutafute mwenyewe, na nimeupata alfajiri, kabla sijafungua duka, simu ikiwa chumba kingine. Nimegundua kwamba wengi wanaosema hawana muda wa kusoma wanasema kweli. Muda huo haupo mpaka mtu ataje utatoka wapi.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuwa na tatizo la orodha ndefu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye kisomo, kijijini upande wa Misungwi, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kanda ya Ziwa ilikuwa imetangulia kidogo: kuanzia 1968 mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa na makao yake Mwanza, na vitabu vyake vilifundisha herufi kupitia pamba, mifugo, migomba na uvuvi, ili mtu ajifunze kusoma na kazi yake kwa mkupuo mmoja. Kisha Mwanza ikapata gazeti la wasomaji wapya wa vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoanza mwaka 1974. Bibi alilisoma lote. Alisoma habari, alisoma mashairi, alisoma barua za watu asiowajua, kidole kikitembea chini ya mstari na midomo ikifuata kidole. Likiisha alilirudia. Likichakaa alilibandika ukutani kuzuia vumbi, akaendelea kulisoma likiwa ukutani, akiinama kwa habari za chini.

Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema watu wazima wapatao tisa katika kila kumi wanajua kusoma. Ni sifa kubwa, na nchi yetu ilisifiwa kwayo duniani. Ila herufi zilihesabiwa na vitabu havikuhesabiwa. Miaka hiyo ya themanini karatasi ilikuwa adimu, gazeti likaacha kumfikia bibi, na ukuta haukuongezwa ukurasa mpya. Alijua kusoma, na hakuwa na cha kusoma zaidi ya kitabu cha sala na risiti za chama cha ushirika.

Uzeeni alikuja kukaa kwangu Nyegezi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya rafu akiwa na mkongojo wake.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "hivi vyote vya nani?"

"Vyangu, bibi."

"Umevisoma?"

"Baadhi bado."

Akacheka. "Basi una bahati wewe. Mimi vyangu vilikuwa vinaisha."

Wapo marafiki walionishauri nisinunue kingine mpaka nimalize vilivyopo. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeishi mji wenye maduka ya vitabu mtaa kwa mtaa, ambako kitabu cha leo kitakuwepo Disemba. Sisi hatujafika huko. Mjini kuna maktaba ya mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na huwa naingia. Viti vingi hukaliwa na wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, wakiwa na madaftari yao wenyewe, na kona ya riwaya hubaki na mimi na mzee mmoja anayesoma magazeti. Namsalimu, ananiitikia, kila mtu anarudi kwenye karatasi yake.

Jina lililokaa muda mrefu kuliko yote upande wa nyuma wa kaunta buku yangu ni la Aniceti Kitereza. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasoma kwa wamisionari, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mswada wa lugha ya kisiwa kimoja haukupata mchapishaji. Akiwa mzee akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, miaka 35 tangu aweke kalamu chini. Akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Ruhumbika akaja kuutafsiri kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe, tafsiri iliyotoka mwaka 2002, na hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyoniangukia kwanza. Niliikataa. Sikutaka kumsoma jirani yangu kwa kupitia ng'ambo wakati Kiswahili chake alikiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Nakala ya Kiswahili nimeipata, na bado iko upande wa nyuma wa daftari, maana si yangu. Ni ya mwalimu mmoja mstaafu huko kisiwani. Nilipomwomba aniazime aliniangalia kwa upole akasema kitabu hakitoki; msomaji ndiye anayekuja. Basi naenda. Napanda meli Mwanza, saa tatu hivi majini hadi Nansio, kisha bodaboda, kisha kibaraza cha mwalimu, ambako kitabu kinaletwa kimefungwa kwenye kitambaa na chai inafuata. Nasoma mpaka jioni, naweka alama ya jani, naaga. Mume na mke wa riwaya hiyo hawana mtoto, ndugu wa mume wanachokonoa, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumrudisha kwa adabu, kwa maneno na kwa pombe ya ndizi. Hakuna anayeharakishwa. Hata kusalimiana kuna hatua zake, na mwandishi anazifuata zote, na mimi niliyezoea kusoma mashine ikinguruma nililazimika kujifunza upya kukaa. Mke wangu anasema ni kitabu ghali kuliko vyote nilivyowahi kusoma ukipiga hesabu ya nauli. Ana haki.

Mwalimu yule yuko sahihi kukibana, nami nimejaribu njia tofauti. Vyangu vinaazimwa, kwa sharti moja: anayechukua kitabu anaacha kitabu. Hapokelewi kwa ahadi wala kwa kitambulisho. Kuna rafiki aliyeondoka na Kichwamaji yangu kabla ya sharti hilo, akahamia mkoa mwingine, na kila nikimpigia ananiambia anakaribia mwisho. Tangu niweke sharti hakijapotea hata kimoja, na rafu imekuwa ikibadilika bila mimi kutoa shilingi. Fundi cherehani wa jirani alikuja na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, hana hata habari kwamba ameshika hadithi ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa, akaondoka na Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi. Wote wawili tulidhani tumempunja mwenzetu.

Sasa nina ombi. Mwanza hii, na Misungwi, na Magu, na Sengerema, na visiwani, kuna nyumba ambazo baba au mama alikuwa mwalimu, katekista, karani wa ushirika au mwezeshaji wa kisomo. Ndani ya nyumba hizo, chini ya kitanda, kuna sanduku la bati. Mzazi akifariki, vitu hugawanywa, na sanduku lile hufunguliwa mwisho, na karatasi zake huuzwa kwa kilo kwa mtu wa kufungia karanga. Nimeshanunua karanga zilizofungwa kwenye ukurasa wa riwaya; nikamuuliza muuzaji kitabu kilichobaki kiko wapi, akanionyesha chini: zimebaki kurasa za mwisho. Tafadhali, kabla ya kuuza, lifungueni lile sanduku mchana, mkiwa na mtu anayesoma. Mkikuta Wema Hawajazaliwa, mkikuta Shujaa Okonkwo, mkikuta Kitereza, mkikuta hata toleo moja la Elimu Haina Mwisho, msikilipie nauli kwenda popote. Ulizeni stesheneri za njia ya Malimbe mtu wa kaunta buku. Chagueni chochote kilichopo upande wa mbele, mkichukue.